Aliyeshindwa na Njia ya Kurudi

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu wa skuli na vyuo mliojazana huko nyuma hadi mlangoni, nimetakiwa nizungumzie hali ya demokrasia duniani: wapi inadidimia na wapi imeweza kusimama. Dunia ni kubwa, kwa hiyo naomba nianzie hapa hapa mjini kwenu.

Januari 1961, katika zile zama za siasa, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Moja! Chama cha Afro-Shirazi, ASP, kikalichukua, kikafikisha viti 10. Chama cha Hizbu, yaani ZNP, kilikuwa na 9, na chama kidogo cha ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikupatikana. Juni mwaka ule ule uchaguzi ukarejewa, fujo ikazuka Unguja, watu 68 wakauawa. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Uhuru ukaja Disemba 10, na Januari 12, 1964 yakawa Mapinduzi.

Kila mmoja humu ana aliyosimuliwa nyumbani kwao kuhusu miaka ile, na najua hayafanani. Sikuja kuyapatanisha leo. Nataka tu muishike ile kura moja, halafu twende pamoja mpaka Somaliland.

Aprili 2003, Somaliland, nchi isiyo na hata kiti Umoja wa Mataifa, ilichagua rais. Kura zilizopigwa zilikaribia nusu milioni. Tume ikatangaza kwamba Dahir Riyale Kahin, aliyekuwa madarakani, amemshinda mpinzani wake, Ahmed Silanyo, kwa kura 80. Nchi ile ina silaha kila pahala na imetoka vitani juzi tu. Silanyo akalalamika, akaenda mahakamani, akashindwa. Wazee wakamwendea, wakakaa naye, wakamsihi. Akakubali. Mwaka 2010 akagombea tena, safari hii akashinda, na Riyale akamkabidhi nchi akaenda zake.

Kwa nini kura 80 zikapita salama kule, na kura moja hapa ikawa mwanzo wa balaa? Wako watakaosema ni ukabila, wako watakaosema ni Mwingereza, na kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Jawabu langu ni jengine. Hapa kwetu mwaka 1961 kila upande uliamini kwamba ukishindwa safari ile, ndiyo basi: Mwingereza anaondoka, atakayekutwa kwenye kiti ndiye atakayebaki nacho, na wewe na watoto wako mtakuwa wageni kwenye nchi yenu. Silanyo, kwa dhiki zake zote, aliamini kuna mara ya pili.

Hilo ndilo nililokuja kulisema, na mengine yote ni ushahidi wake. Demokrasia hukaa pale aliyeshindwa anapojua kwamba ataweza kurudi, na huanza kufa siku mshindi anapoifunga ile njia ya kurudia.

Tuna methali, na kila msimu wa uchaguzi hutolewa kabatini ikapanguswa vumbi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Siipingi. Lakini angalieni daima husemwa na nani na huambiwa nani. Hakuna hata siku moja niliyomsikia aliyeshindwa akiisema. Mshindi humsomea mwenzake methali hiyo huku akificha kete mfukoni. Barazani, mtu anayefungwa dhumna huinuka bila ugomvi kwa sababu anajua akisubiri zamu yake atakaa tena, na kete zitachanganywa mbele ya macho yake. Mwondolee hilo uone kama ataikumbuka methali.

Sasa nije kwenye kudidimia. Wako watu kazi yao ni kuipima demokrasia kama daktari anavyopima presha. Taasisi ya V-Dem ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, katika ripoti yake ya 2025 ilihesabu nchi 91 za kiimla na 88 za kidemokrasia, na ikasema ni mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 20 za kiimla kuwa nyingi zaidi. Mimi vipimo vya namna hii huvitazama kwa jicho moja, maana nchi haipimwi kwa mizani kama karafuu. Hata hivyo mwelekeo wake hauna ubishi. Mapinduzi ya kijeshi ya Mali, Burkina Faso na Niger mnayajua, sitayakalisha. Kijeshi ni rahisi kuonekana: kuna kifaru barabarani na mwanajeshi kwenye televisheni. Kubaya zaidi ni kule ambako mtu anaamka asubuhi, kila kitu kiko pale pale, bunge lipo, mahakama ipo, uchaguzi upo, ila njia ya kurudi haipo.

Mfano wangu ni Benin, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu Benin ilikuwa mwalimu wetu sote barani. Mathieu Kérékou aliipindua nchi ile mwaka 1972 akatawala kijeshi. Mwaka 1990 uchumi ukiwa hoi, ukaitishwa mkutano mkuu wa taifa, akakubali uchaguzi. Mwaka 1991 akashindwa na Nicéphore Soglo, akaondoka. Mwaka 1996 akarudi, na safari hii alirudishwa na kura, akamshinda yule yule aliyemshinda. Mwaka 2006 muda wake wa kikatiba ukesha, akaondoka tena. Yaani mtu mmoja amepita mlango ule kutoka, kuingia na kutoka.

Mwaka 2016 akachaguliwa Patrice Talon, mfanyabiashara wa pamba. Hakuvunja bunge wala hakufuta vyama. Sheria mpya ya uchaguzi ikapitishwa: orodha ya wagombea ubunge ilipiwe dhamana ya faranga milioni 249. Kisha kila chama kikatakiwa kiwe na cheti cha kuthibitisha kwamba kinafuata sheria. Vyama vya upinzani vikaenda kuomba vyeti. Huyu karatasi yake ina kasoro, yule saini haikutimia, mwengine jina halikuandikwa sawa. Aprili 2019 uchaguzi wa bunge ukafika, vyama vilivyoruhusiwa vikawa viwili, vyote vya rais, vikagawana viti vyote 83. Robo tu ya waliojiandikisha, wakizidi kidogo, ndio waliokwenda kupiga kura. Walioandamana wakapigwa risasi. Ulipofika uchaguzi wa rais wa 2021, mgombea alihitaji saini za wabunge na mameya, na karibu wote walikuwa wa upande mmoja. Reckya Madougou, waziri wa sheria wa zamani aliyetaka kugombea, akahukumiwa kifungo cha miaka 20.

Lile cheti ndilo ninalotaka mlione kwa karibu. Pale hapana askari wala bunduki. Yupo karani nyuma ya meza na muhuri wake, anakwambia uje kesho. Mzee yeyote wa Pemba aliyewahi kufuatilia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, akaambiwa arudi kwa sheha akapate fomu, kisha asimkute sheha, anaielewa Benin bila kupanda ndege.

Hungaria walipitia njia nyengine, ya ramani. Chama cha Fidesz kilishinda kwa halali mwaka 2010. Kikaandika katiba mpya, kikapunguza wabunge kutoka 386 hadi 199, kikachora majimbo upya, kikateremsha umri wa majaji kustaafu kutoka miaka 70 hadi 62 ili viti viwe wazi. Mwaka 2014 kikapata asilimia 45 ya kura na viti 133, theluthi mbili za bunge. Wazee wenye kumbukumbu ya 1963 mnatikisa vichwa, nawaona.

Haya, na waliosimama walisimama vipi?

Korea Kusini, usiku wa Disemba 3, 2024, rais Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi. Wananchi wakakimbilia bungeni na koti za baridi juu ya nguo za kulalia, wabunge wakaruka uzio, na wabunge 190 wakapiga kura kuifuta amri ile kabla hakujapambazuka. Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Ni kisa kizuri lakini sisi hatufanani nao sana, na nisiwadanganye kwamba tunaweza kukiiga.

Malawi ndio wenzetu. Mei 2019 rais aliyekuwa madarakani, Peter Mutharika, alitangazwa mshindi kwa asilimia 38, Lazarus Chakwera akiwa na 35. Fomu za matokeo zikaonekana zimefutwa kwa wino mweupe, huu wa makarani, tarakimu mpya zikaandikwa juu yake. Watu wakaandamana miezi na miezi. Kesi ikafunguliwa. Februari 3, 2020 majaji watano wakafika mahakamani Lilongwe wakilindwa na jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakakaa karibu saa kumi wakisoma hukumu. Wakaufuta uchaguzi. Juni, serikali ikamtaka Jaji Mkuu aende likizo ya kustaafu kabla ya siku zake. Mawakili wakaingia barabarani na majoho yao. Uchaguzi ukarejewa, Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58.

Watu wengi hukomea hapo wakapiga makofi. Mimi napenda kilichofuata. Mutharika hakuuawa, hakufukuzwa nchini, chama chake hakikufutwa. Akakaa kwake miaka mitano. Maisha yakawa magumu, mafuta yakakosekana, bei zikapaa. Septemba 2025, akiwa na miaka 85, akagombea tena akamshinda Chakwera kwa karibu asilimia 57, na Chakwera akampongeza hata kabla tume haijamaliza kutangaza. Mutharika huyo huyo wa wino mweupe! Unaweza kuudhika, na mimi niliudhika kidogo. Lakini fikiri: mahakama iliyomtoa ndiyo iliyomhifadhia nafasi ya kurudi. Angelijua mapema, pengine wino ule asingeuhitaji.

Ghana hivyo hivyo. John Mahama alishindwa 2016, akashindwa 2020, akarudi Ikulu kwa uchaguzi wa Disemba 2024, na mpinzani wake Bawumia alimpigia simu asubuhi yake. Senegal, rais Macky Sall aliahirisha uchaguzi Februari 2024, Baraza la Katiba likamwambia huna mamlaka hayo, na Bassirou Diomaye Faye akatoka jela siku kumi kabla ya kura, akawa rais. Poland, Oktoba 2023, watu walisimama foleni hadi usiku wa manane, waliojitokeza wakafika asilimia 74, chama kilichokuwa kimeishika televisheni ya taifa kikaondoka. Mwaka 2025 mgombea aliyeungwa mkono na chama hicho hicho akashinda urais, na hakuna aliyemzuia kuapishwa.

Kwa upande mwengine, karatasi peke yake haitoshi. Venezuela, Julai 2024, mawakala wa upinzani walikusanya nakala za matokeo za zaidi ya asilimia 80 ya meza za kupigia kura, wakaziweka hadharani dunia nzima ikasoma. Rais aliyekuwa madarakani, Nicolás Maduro, akaapishwa Januari 2025 vivyo hivyo. Walikuwa na ushahidi kama wa Malawi au zaidi, ila hawakuwa na jaji wa kuupokea.

Hapo ndipo panapotuuma sisi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza rais, mahakama haina mamlaka ya kuhoji. Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha, kwenye ardhi ya nchi hii hii, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mkenya ana mahakama na siku 14 za kusikilizwa. Mwaka 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake waliufuta uchaguzi wa rais. Ukimnyima aliyeshindwa jaji, umemwachia barabara au kimya.

Na sisi tumeyaona yote mawili. 1995, uchaguzi wa rais wa Zanzibar: CCM asilimia 50.2, CUF ya upinzani 49.8. Baada ya hapo ikaja kususiana, na vijana hamkuiona, kwa hiyo niwaambie ilikuwaje. Duka la fulani halinunuliwi hata kiberiti. Gari la fulani halipandwi, mtu yuko radhi atembee na gunia la muhogo kichwani kutoka shamba. Mtu kafiwa, maiti keshaoshwa, na majirani wa upande wa pili wamekaa vibarazani mwao, hawainuki. Kaburi linachimbwa na watu watatu wa nyumba moja. Pemba hii, ambako maziko ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake! Halafu maandamano ya CUF ya Januari 26 na 27, 2001: Wete, Micheweni, Chake Chake, Unguja mjini. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Wengine wenu mlizaliwa kule.

Ndiyo maana nasema maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF hayakuwa madogo. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na Zanzibar ikafanya jambo ambalo nchi chache sana zimelifanya: ikampa aliyeshindwa nafasi ndani ya katiba, katika serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba ile Dk. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 50.1, Maalim 49.1. Tofauti haikufika kura 4,000. Maalim akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hapakuvunjwa hata dirisha.

Lakini tulimpa aliyeshindwa kiti bila kumpa hesabu. Tuliacha tume ile ile, na sheria ya kura karibu ile ile. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akasimama peke yake mbele ya kamera akaufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar, huku kura za Muungano, zilizopigwa siku hiyo hiyo, vituo hivyo hivyo, na watu hao hao, zikabaki halali. Mpaka leo sijapata mtu wa kunielezea hilo nikaelewa. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 upinzani ukasusia, na serikali ya umoja ikapotea hadi Disemba 2020. Ya uchaguzi wa Oktoba 2025 yangali mabichi: Chadema, chama kikuu cha upinzani Bara, kiliondolewa kwenye uchaguzi, mwenyekiti wake alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, yakawa maandamano Bara, intaneti ikazimwa, watu wakafa, na tume ikamtangazia Rais Samia Suluhu Hassan ushindi wa karibu asilimia 98. Tume ya uchunguzi ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliundwa kwa hayo ya Bara, sitaisemea. Nitasema tu kwamba asilimia 98 inanitisha kuliko 50.2 ya mwaka 1995. Ile ya 1995 ilikuwa na ugomvi kwa sababu pande mbili zilikuwapo.

Baada ya hapo nilipokea masuali. Mama mmoja aliyekaa safu ya mbele alisema: "Mwanangu, umesema vizuri, lakini serikali ya umoja si kugawana vyeo tu? Wao wanapanda magari, sisi tumepata nini?"

Nilimjibu: Mama, nusu ya kauli yako ni kweli tupu. Kati ya 2010 na 2015 vyama vyote viwili vikubwa vilikuwa serikalini, na Baraza la Wawakilishi likakosa wa kuuliza pesa imekwenda wapi. Hilo ni kosa la mfumo, na wanaoutetea hawapendi kulisikia. Nusu ya pili nakuachia wewe mwenyewe: miaka ile mitano, palitokea maziko mtaani kwako watu wasihudhurie kwa sababu ya chama? Akasema hapana, walizikana. Nikamwambia hicho ndicho alichopata, na si kidogo, ila hakitoshi na asikubali kuambiwa kinatosha.

Mwanafunzi mmoja wa chuo akataka nimpe kazi ya kufanya, si nasaha. Nikamwambia awe wakala, wa chama chochote anachokitaka. Alale mapema, ale kabla ya kwenda, maana hatotoka hadi usiku. Ajue idadi ya karatasi za kura zilizoletwa kituoni asubuhi, na jioni ahakikishe zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zinafika idadi ile ile. Asitie saini fomu yenye tarakimu iliyofutwa. Apige picha ile inayobandikwa mlangoni, aondoke na nakala yake mkononi. Akauliza, na chama chake kikiwa kimeshindwa kituoni pale? Nikamwambia atie saini vile vile, kama hesabu ni sawa.